Maneno Yaliyofutwa Usiku

Katika shule ndogo za huku kwetu Uganda, mwalimu ajuaye kompyuta kidogo hufanywa fundi wa wote. Ndivyo tulivyokabidhiwa chumba chenye mashine 24, tukaambiwa tuzitie mfumo mpya wa uendeshaji, nao ni Debian, kabla ya muhula kuanza.

Kuzitia moja moja kungetuchukua juma zima. Basi tukaichagua njia ya mtandao wa ndani, ambayo kanuni zake zilitangazwa na kampuni ya Intel katika miaka ya 1990. Njia yenyewe yapendeza. Kompyuta iliyozimwa huamshwa kwa ujumbe mfupi upitao katika waya, ambamo anwani yake hurudiwa mara 16, mfano wa mtu aitwaye usingizini. Ikiwa imepangwa hivyo, huamka bila kuisoma diski yake, ikapaza sauti mtandaoni kuomba msaada. Seva huijibu kwa kuipa nambari ya kutumia na jina la faili la kuanzia. Faili hilo likishavutwa, nalo huvuta mengine, hata mfumo wote ukakamilika. Maswali ambayo fundi angeulizwa huwa yamekwisha jibiwa katika faili jingine lililowekwa kwenye seva. Sisi tuliandika humo kwamba kila diski ifutwe bila kuuliza.

Jioni moja, tukiwa tumeketi ofisini, tulitoa amri moja tu, na mashine zote 24 zikaamka katika chumba kilichofungwa. Tulikwenda nyumbani tukijisifu.

Asubuhi mwalimu mwenzetu alitujia mlangoni. "Mwalimu," alisema kwa upole, "maneno yangu yako wapi?" Kumbe kompyuta yake ilipoharibika, alihamishia kazi yake katika mashine ya pembeni mle chumbani: msamiati wa Kiswahili cha wavuvi wa ziwani, alioukusanya kwa miaka miwili. Nasi anwani za mashine tulizinakili kutoka daftari la vifaa; hatukumwuliza mtu yeyote ni nani atumiaye ipi.

Nusu ya maneno yalikuwamo katika madaftari yake ya karatasi. Kwa nusu ya pili tulifuatana naye mwaloni Jumamosi nne, tukiuliza upya majina ya nyavu, pepo na samaki. Baadhi hayakurudi, kwani mzee aliyeyatoa alikuwa amekwisha hama.

Hatuulaumu mtandao, ulitii kama tulivyouagiza. Siku hizi faili letu huuliza kabla ya kufuta, na kabla ya kuamsha mashine twazunguka meza kwa meza. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nasi darasani, tusimamapo na somo moja kwa wanafunzi wote, twajiuliza ni maneno gani waliyokuja nayo kutoka kwao tunayoyafuta pasipo kuuliza.