Hatua za utingo wangu

Kwa miaka sita nililima mashamba ya watu kwa trekta, kuanzia nyika za rweya za Bukoba Vijijini hadi Kasharunga kule Muleba, na kwa miaka hiyo yote niliwadhulumu wateja wangu bila kujua. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe.

Kipimo chetu kilikuwa kile cha wakulima wote: ekari ni hatua 70 kwa 70. Utingo anatembea akihesabu kwa sauti, mwenye shamba anamfuata nyuma, tunapatana bei. Urefu wa hatua hakuna aliyeuuliza.

Aliyeuliza ni mama mmoja mjane wa Kasharunga. Nilimwambia shamba lake ni ekari nne. Akaingia ndani, akatoka na hati yake ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Imeandikwa hekta 1.25. "Mwanangu," akasema, "hiyo si ekari tatu na kitu?" Nikamjibu kwa ukali kwamba tumehesabu naye akiona. Akalipa ekari nne. Alinihesabia noti moja moja, za mwisho zikiwa za elfu moja zilizochakaa, na hakuongeza neno.

Ukimya wake ulinikaa rohoni. Wiki iliyofuata nilimpeleka utingo kwenye lami, nikamwambia atembee hatua kumi kama anavyotembea shambani, nikatandaza futi kamba. Mita nane kamili. Kwa hiyo hatua 70 zilikuwa mita 56, na "ekari" yetu mita za mraba 3,136. Ekari halisi ni 4,047. Nilikuwa nalima robo tatu na kidogo, nalipwa nzima.

Hapo ndipo nilipotafuta kipokezi cha GPS. Nilipata kilichotumika, nikakifunga mwenyewe, na siku ya kwanza hakikuniambia chochote. Antena nilikuwa nimeipachika chini ya bati la kibanda cha dereva ili mvua isiifikie. Fundi mmoja wa Bukoba mjini alinieleza kwa upole: kile chombo hakitumi kitu, kinasikiliza tu setilaiti zilizo juu kilomita 20,200 hivi, na kinahitaji kuzisikia nne kwa pamoja ndipo kijue kilipo. Bati linaziba masikio yake. Tukaihamishia juu ya paa, katikati kabisa, mbali na bomba la moshi. Umeme tukautoa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, tukaweka fyuzi karibu na betri. Kisha tukazima injini tukasubiri. Kipokezi kilicholala muda mrefu huchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti zake, na wengi hukata tamaa hapo.

Namba zilipotokea niliziandika kwenye ramani ya simu. Ikanipeleka Masindi, Uganda! Nilikuwa nimeacha alama ya kutoa mbele ya latitudo ya 1.8, nasi tuko kusini mwa ikweta, na alama hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha Muleba na Masindi. Jambo jingine la kuangalia ni mfumo wa ramani. Ramani zetu nyingi za zamani ni za Arc 1960, na GPS hutumia WGS 84. Ukivichanganya, shamba linahama karibu mita 300.

Nilirudi Kasharunga kabla ya trekta kwenda kwa mteja mwingine yeyote. Nikamwomba yule mama ruhusa nizunguke shamba lake. Nikaenda taratibu, tairi likifuata mpaka, yeye akitembea kando na fimbo yake. Kipokezi kikasema hekta 1.21. Nikakumbuka kuwa antena iko katikati ya trekta, si kwenye tairi; nikaingiza nusu ya upana, nikazunguka tena. 1.25. Ile karatasi ya kwenye nailoni ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nilimrudishia fedha zake kwa mikono miwili, nikamwomba radhi. Alizipokea, akaniambia, "Waitu, sasa njoo ule." Tukala ndizi na maharage.

Nitasema pia pale kipokezi kisipoweza. Ndani ya kibanja, chini ya migomba na miti, kinayumba mita kadhaa, na kwa kishamba cha robo ekari kosa hilo ni kubwa. Huko natumia futi kamba. Kwenye rweya, mbingu ikiwa wazi, nakiamini.

Nimewarudishia wateja kumi na mmoja. Wengine sikuwaandika popote. Kama uliwahi kulimiwa kwa hatua za utingo wangu, njoo nikuzungushie shamba bila malipo, na iliyozidi nitakurudishia.