WANAWAKE WA KIHIMBA: NYUMA YA ILE RANGI NYEKUNDU KUNA FISI

Picha zao mmeshaziona sana mtandaoni: wanawake wa Kihimba wa Kunene, kaskazini magharibi mwa Namibia, ngozi nyekundu inang'aa. Ile rangi inaitwa otjize, ni siagi iliyochanganywa na unga wa jiwe jekundu. Maji kule ni shida, kwa hiyo mama anajifukiza moshi wa majani na magome yanayonukia, kama udi vile.

Sasa kisichoonekana kwenye picha ni usiku. Jua likizama, mbuzi na ndama wanaingizwa zizini, ndani ya uzio wa matawi, maana fisi naye ndo anaamka. Na fisi madoa si yule mlafi mjinga wa hadithi za bibi: anawinda mwenyewe, taya lake linavunja mfupa, na kwenye kundi bosi ni jike.

Kwa Mhimba mifugo ndo akaunti ya benki: maziwa, mahari, heshima. Ukame ukishapunguza zizi, mbuzi mmoja akibebwa ni pigo kwelikweli. Ila fisi huyohuyo ni mmoja wa wanyama wanaowaleta watalii.

Hapo ungekuwa wewe, ungemuua au ungemwacha?