Baba Aliyewarudisha Wote Nyumbani



Wakati mji wetu wa Likasi ulipoitwa Jadotville, alipita hapa mtu mmoja ambaye siku zake 5 za vita katika ardhi yetu zilimfuata hadi kaburini. Jina lake ni Pat Quinlan, mtu wa Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Alizaliwa mwaka 1919, akafariki mwaka 1997. Alikuwa askari, mume na baba wa familia. Tena alikuwa msemaji wa Kigaeli, lugha ya kale ya kisiwa chao.

Lugha hiyo ilikuwa imeteswa sana. Chini ya utawala wa Waingereza, Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya mahakama, ya biashara na ya cheo. Kisha njaa kuu ya miaka ya 1840 ikaua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi ng'ambo. Waliopotea kwa wingi ni maskini wa magharibi, ambao ndio walikuwa wakisema Kigaeli. Wazazi wengi wakaona kwamba lugha hiyo haina mkate, wakaacha kuwarithisha watoto. Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba na vijiji haikuzimika.

Mnamo Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, Quinlan aliletwa Jadotville na kikosi cha Umoja wa Mataifa cha askari zaidi ya 150, wengi wao vijana wa umri wenu. Aliona dalili mbaya mapema, akawaamuru wachimbe mahandaki. Asubuhi ya tarehe 13, askari wengi wakiwa katika Misa uwanjani, walishambuliwa. Adui walikuwa wengi kuliko wao, nao walikuwa na mizinga na ndege ya vita. Msaada uliotumwa ulizuiliwa kwenye daraja la Lufira, mto tunaoujua sisi sote.

Kilichobaki ni redio. Lakini upande wa pili kulikuwa na maofisa waliojua Kifaransa na Kiingereza. Neno lolote lingesikiwa. Hapo Quinlan alisema na makao yake makuu kwa Kigaeli. Lugha iliyodharauliwa kuwa ya watu wa shamba ikawa ngao ya vijana waliozingirwa, maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Maji na risasi vilipokwisha, Jumapili tarehe 17, Quinlan alisalimisha kikosi. Usiku huohuo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Askari wa Quinlan walifungwa kwa majuma kadhaa, kisha wakaachiliwa. Baadhi walikuwa wamejeruhiwa, lakini hakuna hata mmoja aliyekufa. Wote walirudi kwa mama zao.

Kwao, hawakupokelewa kwa heshima. Wengine waliwacheka kwa kuwa waliinua mikono. Quinlan aliomba baadhi ya askari wake wapewe nishani za ushujaa, ombi likakataliwa. Aliendelea na kazi yake hadi cheo cha kanali, akalea watoto wake, na mmoja wao, Leo, akawa ofisa wa jeshi kama yeye. Serikali yao ilikitunuku kikosi kizima heshima mwaka 2016, na mwaka 2017 askari wakapewa nishani. Baba alikuwa amelala kaburini miaka 20.

Sisi wa Likasi hatuwezi kuisimulia habari hii kana kwamba ni ya wageni peke yao. Upande wa pili walianguka watu wengi, wana wa ardhi hii miongoni mwao. Nao walikuwa waume na baba za watu, na hawakurudi nyumbani. Tukimwombea Quinlan, tuwaombee na hao.

Na tujiulize. Wazee wetu walikuja kwenye migodi na viwanda vya mji huu wakiwa na Kisanga, Kiluba, Kilamba, Kibemba na lugha nyingine nyingi. Kiswahili kimetuunganisha, nasi tunakishukuru. Lakini ni wangapi kati yetu wawezao kumwamkia nkambo kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake? Tunasema haina faida, haileti kazi. Kigaeli nacho kiliambiwa hivyohivyo.

Urithi wa nyumbani haujulikani thamani yake siku unapotolewa. Quinlan alipokea lugha ambayo ulimwengu uliiona si kitu, akailinda, na siku ya hatari ikamsaidia kuwalinda watoto wa wenzake. Alichagua kurudi na watu wote hai, bila sifa, kuliko kurudi na sifa na majeneza. Aliubeba uamuzi huo miaka 36, bila kuiona siku ya kutetewa.

Basi, juma hili, kila mmoja wetu aketi na mzee wa nyumbani kwake, amwombe maneno kumi ya lugha yake, na ayashike.