Kuhesabu Samaki wa Ziwa

Nilipokuwa kijana niliomba kazi isiyo na mshahara: kwenda katika mashua yenye mota, kupima na kuhesabu samaki wa ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie. Wengine walinicheka, wakisema: «Nani awezaye kuhesabu samaki wa ziwa?» Kweli, ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika mita 1470. Lakini huko chini hakuna samaki, kwa maana hewa ya kupumua haifiki. Wote hukaa katika maji ya juu. Kwa hiyo si wengi kama tunavyodhani.

Tulitoka usiku usio na mwezi. Wavuvi waliwasha taa zao, nao ndakala wakapanda kuufuata mwanga. Nyuma yao wakaja mikebuka, ambao huwala. Kulipopambazuka tukasogea karibu na wavuvi, tukaomba ndakala wachache wa kila kikapu, tupime urefu wao na kuuandika.

Mtumbwi wa tatu ulikuwa wa mjomba wangu. Akaninong'oneza: «Mwana, pima wale wakubwa tu. Wavu wangu ni wa chandarua cha mbu, usinitie haya.» Nikamtii. Nikachagua wanono wa juu, nikaandika.

Mkubwa wa kazi akatazama daftari, asinigombeze. Akasema tu: «Fumba macho, utie mkono kikapuni.» Nilipofumbua macho nikaona kwamba ndakala wengi mkononi hawakufika urefu wa kidole changu kidogo. Walikuwa watoto, hawajazaa bado. Nikafuta namba za uongo, nikaandika za kweli. Mjomba akageuka, akapiga kasia bila kuniaga.

Siku nyingi hakusema nami. Kisha jioni moja akaja nyumbani, akaketi, akasema: «Nisomee yale uliyoandika.» Nikasoma yote. Akanyamaza kitambo, ndipo akauliza: «Na wadogo hao, wangaliachwa, wangalizaa?»

«Ndiyo, mjomba.»

Akashusha pumzi. «Wavu wenye matundu mapana wauzwa bei gani?»

Watoto, amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Daftari nalo ni shahidi. Likidanganya leo, kesho wavuvi watavuta nyavu tupu, na watoto wao watalala njaa.