Grace Ogot Alivyonirudishia Lugha ya Mama

Mimi ni mzaliwa wa Ziwa la Ng'ombe, mtaa uliokuwa chini ya Kisauni na siku hizi uko eneo bunge la Nyali. Baba alitoka upande wa Kendu Bay akaja Mombasa kutafuta kibarua. Mama alimfuata, akawa anauza omena soko la Kongowea. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na Wagiriama, Wakamba, Waluhya na sisi Waluo, kila mmoja na chumba chake, ukumbi ni mmoja na choo ni kimoja. Lugha ya ukumbini ilikuwa Kiswahili, nacho ndicho nilichokulia. Baba na mama wakisemezana Dholuo nilikuwa naelewa, ila jibu langu lilitoka kwa Kiswahili. Natoa ushuhuda huu kwa sababu waliolelewa kama mimi ni wengi.

Shule niliyosoma ilikuwa na monto, kipande cha ubao chenye kamba. Ukisikika ukisema lugha isiyo Kiingereza unavishwa shingoni, na jioni waliokivaa wanachapwa. Kiswahili kilistahimili kwa kuwa kilituzunguka kila upande, kuanzia dukani mpaka kwenye matatu. Dholuo haikuwa na mtetezi. Nilimaliza shule nikiamini kwamba lugha ya wazazi wangu ni ya kuulizia chumvi na kulilia maiti, na kwamba mambo ya vitabu yana lugha zake.

Grace Ogot nilimjua darasani kama mwandishi wa Kiingereza. Tuliambiwa kuhusu riwaya yake The Promised Land ya mwaka 1966 na hadithi fupi za Land Without Thunder za 1968, tukasonga mbele. Alipofariki Machi 2015, mimi tayari nilikuwa mama wa watoto na mwalimu wa chekechea. Magazeti yakaeleza maisha yake: mzaliwa wa Asembo mwaka 1930, muuguzi na mkunga aliyesomea Uganda na Uingereza, mtangazaji wa BBC, mbunge wa Gem, waziri msaidizi. Katikati ya hayo yote nikakutana na majina ya vitabu vyake vya Dholuo. Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul vilitoka 1981. Miaha na Simbi Nyaima vikafuata 1983. Simbi Nyaima ni ziwa lililo karibu na nyumbani kwa kina baba! Nililisikia kila Krismasi tulipokwenda mashambani, habari za kijiji kilichozama kwa kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Kumbe hadithi hiyo ilikuwa kitabu, kimeandikwa na mwanamke, kwa lugha ileile niliyoisikia kwa nyanya.

Shemeji yangu wa Kisumu akanitafutia Aloo kod Apul-Apul na Miaha. Vilifika kwa basi, vimefungwa gazeti, vikiwa ndani ya gunia la omena za mama.

Usiku huo nilimsomea mama. Darasa lake halikufika mbali, lakini Dholuo alikuwa anaisoma vizuri kwa sababu ya Muma Maler, yaani Biblia, na kitabu cha nyimbo za kanisani. Nilianza kwa kishindo, nikitamka dh na th kama ninavyozitamka kwenye "dhahabu" na "thamani". Mama akaniinulia mkono. "Nyara," yaani binti yangu, "rudia hapo. Ulimi uguse meno, halafu uachie." Nikarudia. Ng' haikunisumbua, maana iko kwenye jina la mtaa wetu. Irabu ndizo zilizonitoa jasho, kwa sababu Dholuo ina sauti za irabu nyingi kuliko herufi tano zinazotumika kuziandika, na kupanda na kushuka kwa sauti hakuandikwi kabisa. Asiyeijua lugha kwa sikio hukwama. Mama aliijua kwa sikio, mimi nilikuwa na macho ya kusoma haraka, tukasaidiana ukurasa kwa ukurasa. Miaha inasimulia upya habari za jembe lililokuwa likilima lenyewe mpaka bibi harusi, Nyawir, alipolishika kwa mikono yake, na tangu hapo binadamu akawa hana budi kufanya kazi. Mama aliijua hadithi hiyo tangu utotoni. Hata hivyo alitaka nisome mpaka mwisho, akawa anacheka kabla sijafika penye kuchekesha.

Pale ndipo nilipoelewa alichokifanya Grace Ogot. Kufikia 1981 alikuwa na jina. Hadithi zake zilikuwa zikichapishwa kwa Kiingereza tangu miaka ya sitini. Angeweza kuendelea hivyo na asilaumiwe na mtu. Inasimuliwa kwamba mamake mwenyewe, baada ya kuijua The Promised Land, alimwambia angewafaa zaidi watu wake kama angeandika kwa lugha yao. Alimsikia. Akawaandikia akina mama kama wangu, wanaosoma vizuri lugha moja na ambao waandishi wengi hawawafikirii wanaposhika kalamu.

Tangu hapo nimebadilika. Watoto wangu nawasemesha Dholuo nyumbani. Naandika sigana, yaani hadithi, za mama kwenye madaftari, na nyingine natunga mwenyewe, za watoto wanaokwenda kuteka maji na kuvuka barabara ya Bombolulu. Jumamosi tunasomeana hapo ukumbini. Mwenye nyumba, mama wa Kigiriama, alikuja siku moja kusikiliza hadithi ya zimwi, akasema kwao pia lipo, na akasimulia la kwao. Sasa mjukuu wake anaandika hadithi za bibi yake kwa Kigiriama. Kila hadithi ikisomwa, inarudiwa kwa Kiswahili ili nyumba nzima isikie.

Wako walioniambia kwamba huo ni ukabila. Naelewa hofu yao, kwa sababu Mombasa tunakumbuka chaguzi zilizotugombanisha wa bara na wa pwani. Lakini ukabila ni kumnyima jirani haki yake kwa sababu ya jina lake. Kumsomea mtoto hadithi ya nyanyake hakumnyimi mtu kitu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali iendeleze lugha za asili za wananchi. Wenzetu India waliingiza Kisantali, moja ya lugha zao za asili, katika orodha ya lugha za katiba yao kwa marekebisho ya mwaka 2003. Huko pia yuko mwanamke, Damayanti Beshra, mshairi wa Kisantali aliyepata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 2009 na nishani ya Padma Shri mwaka 2020. Sheria husaidia, ila sheria haitungi hadithi. Hadithi hutungwa na mtu aliyekaa chini akaandika.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu wa mijini. Kama mama yako au nyanya yako yu hai, kaa naye na daftari wiki hii, umwandikie hadithi moja kwa lugha yake. Mwalimu, waache watoto wasimulie za kwao, kisha wazirudie kwa Kiswahili. Na wachapishaji wavirudishe sokoni vitabu vya Dholuo vya Grace Ogot, vipatikane Mombasa na Kisumu. Alitimiza wajibu wake. Uliobaki ni wetu.