Kurasa tatu zisizoonekana

Kompyuta yangu ina kurasa tatu ambazo hakuna mtu anayeziona, hata mimi mwenyewe. Ukifungua Mipangilio utakuta mambo ya kioo, ya sauti, ya printa, ya Wi-Fi, yote yako pale. Lakini ukurasa wa tarehe na saa haupo. Ukurasa wa lugha haupo. Ukurasa wa kurudisha mashini katika hali ya kiwandani nao haupo. Sikuzifuta. Nimezificha. Nataka kueleza kwa nini, inafanywaje, na tulibishana nini hapa nyumbani juu ya jambo hilo. Najua huko kambini mashini moja inatumiwa na watu kumi na zaidi, na kuna mashini zinazoletwa zikiwa na kurasa zilizofichwa tayari bila mtu kuambiwa.

Mimi ni mtu wa Masisi. Mwaka 2012 tulivuka na familia, tukapita Nkamira, tukapelekwa Kigeme. Leo ninaishi Nyamyumba, huku Rubavu, kando ya ziwa Kivu, si mbali na kiwanda cha bia na yale maji ya moto wanayoyaita amashyuza. Kazi yangu ni kuandikia watu: barua, CV, maombi ya kazi, fomu za shule. Nina laptopu moja ya okazio, yenye Windows 10. Mchana inafanya kazi. Jioni watoto wa majirani wanakuja kujifunza kuandika, na wakimaliza zoezi wanacheza kidogo. Ndivyo tulivyokubaliana na mama zao.

Ule mchezo wao unatoa roho tano. Zikiisha, lazima ungoje mpaka kesho. Watoto wakagundua kwamba mchezo hauna akili yake, unaangalia tu saa ya mashini. Ukiipeleka tarehe mbele, unapata roho mpya. Wakapeleka siku moja, siku mbili, mwezi, mpaka mashini ikawa inaishi mwaka ujao.

Kesho yake alikuja binti wa jirani, tangu asubuhi, na bahasha ya makaratasi yake. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba msaada wa masomo ya chuo kikuu, na fomu ilikuwa ya kujaza katika intaneti, mwisho saa kumi na moja jioni. Tukafungua. Kivinjari kikakataa: muunganisho huu si salama. Tukajaribu ukurasa mwingine, ule ule wimbo. Tukanunua bando jipya tukidhani ni mtandao. Hakuna. Binti akakaa kimya, anashika bahasha kwa mikono miwili.

Jambo lenyewe si la kichawi. Kila tovuti ya siku hizi inaonyesha cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama kitambulisho chetu cha mkimbizi. Kivinjari kinasoma cheti, kisha kinaangalia saa ya mashini. Saa ikisema ni mwaka ujao, cheti kinaonekana kimeshapita muda, na mlango unafungwa. Tovuti haikuwa na kosa, mtandao haukuwa na kosa. Ilikuwa tarehe, ile iliyo pembeni chini ya kioo, ambayo macho yetu yameshaizoea mpaka hayaioni. Tulipoirudisha, kila kitu kikafunguka. Fomu iliondoka saa kumi na dakika ishirini. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Halikuwa zuri, lakini lilikuwa jibu la fomu yake, si la saa ya mashini.

Jioni ile ndipo nilificha ukurasa wa kwanza. Wa lugha ulifuata, kwa sababu kuna mtu alipenda kuona Windows katika Kinyarwanda, mwingine akataka Kiswahili, mwingine Kifaransa, na kila asubuhi nilikuwa naanza kazi kwa kutafuta njia ndani ya mashini yangu mwenyewe. Wa tatu, ule wa kurudisha upya, niliuficha kwa hofu tu. Mtoto anabonyeza hapa, anabonyeza pale, na barua za watu za mwaka mzima zinaondoka.

Namna ya kufanya ni hii. Windows 10 tangu toleo la 1703, la mwaka 2017, na Windows 11 pia, zina sheria moja inayoitwa SettingsPageVisibility. Kama mashini yako ni ya aina ya Pro, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika gpedit.msc, unaingia Computer Configuration, kisha Administrative Templates, kisha Control Panel, na pale utaikuta kwa jina la Settings Page Visibility. Unaiwasha na kuandika ndani yake kurasa unazotaka kuficha. Aina ya Home, ambayo ndiyo wengi tunayo, haina mlango huo. Unapita kwenye rejista, yaani daftari kubwa la ndani la Windows. Unaandika regedit, unashuka mpaka HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer. Kama hiyo Explorer ya mwisho haipo, unaitengeneza. Ndani yake unatengeneza thamani ya maandishi yenye jina SettingsPageVisibility, na unaiandikia hivi:

hide:dateandtime;regionlanguage;recovery

Hakuna nafasi kati ya maneno, ni nukta-mkato tu. Funga Mipangilio, fungua tena, na kama bado zinaonekana, zima na kuwasha mashini. Ukitaka kinyume chake, kuonyesha kurasa chache tu na kuficha nyingine zote, unaanza na showonly: badala ya hide:. Siku ukitaka kila kitu kirudi, unafuta ile thamani uliyoiandika, basi. Kabla ya kugusa rejista, hifadhi nakala yake kwanza. Kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kuitoa nje. Na usiguse kitu kingine mle ndani.

Wiki ileile akaja mzee mmoja tunayemuita Papa Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kukimbia. Alitaka kubadilisha lugha aandike barua yake kwa Kifaransa bila kusumbuliwa na mistari myekundu. Akatafuta ukurasa, hakuuona. Akauliza. Nikamwambia, Papa, nimeuficha. Akavua miwani.

"Sasa banatuficha mpaka mu mashini?"

Nikamueleza habari ya watoto na roho tano. Alicheka, lakini hakuachia. Akanikumbusha siku ya kuandikishwa, zamani. Kijana mwenye tableti alimuuliza kazi yake. Akasema, mwalimu. Kijana akatafuta katika orodha yake, akashusha kidole, akapandisha kidole, mwalimu hayupo. Akabonyeza "kilimo", kwa sababu kila mtu ana shamba. Miaka ikapita, nafasi za kufundisha zilipotokea waliitwa wenye neno "mwalimu" kwenye karatasi yao. Yeye karatasi yake ilisema anajua jembe.

"Yule kijana hakuwa mubaya," akasema. "Hata yeye hakujua kama kuna kitu kilifichwa. Aliona ile orodha, akafikiri dunia njo inaishia pale."

Maneno hayo yamenikaa. Faida ya kuficha ukurasa ni kwamba mtu hapotezi muda kutafuta asichohitaji. Ubaya wake unatoka palepale: asiyeona ukurasa hajui hata aulize nini. Mlango uliofungwa unaweza kuugonga. Mlango uliopakwa rangi ya ukuta, utaugonga wapi?

Tena kuna jambo ambalo mafundi wa haraka hawasemi. Kuficha si kufunga. Ile sheria inaondoa ukurasa katika Mipangilio, na ukijaribu kuufikia kwa njia ya mkato unarudishwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Lakini saa bado inabadilishwa kupitia ile Paneli ya zamani ya Windows, na anayejua njia hiyo atapita. Vilevile, ukificha ukurasa wa masasisho, masasisho hayaachi kushuka. Bando lako litaliwa kimyakimya, na sasa huna hata mahali pa kuona nani analila. Dawa ya bando ni kuiambia Windows kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, si kuficha ukurasa. Na dawa ya saa ni akaunti. Ukiwapa watoto akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, Windows yenyewe itawaomba neno la siri wakitaka kugusa tarehe. Hapo wanauona mlango, wanaona umefungwa, na wanajua wamuulize nani.

Kwa hiyo tulikaa, mimi, Papa Mwalimu, mama wawili na yule binti wa fomu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi baada ya umuganda. Wengine walitaka zifunguliwe zote. Mama mmoja alisema hapana, mtoto wake ndiye aliyepeleka tarehe mwaka ujao na atarudia. Binti alikuwa na neno lake. Akasema yeye hajali ukurasa ufichwe au usifichwe, anachotaka ni kwamba siku mashini ikikataa, ajue pa kuangalia bila kunisubiri mimi nirudi kutoka sokoni. "Yaya, kama ungekuwa umesafiri siku ile, mimi ningefanya nini?"

Swali hilo lilimaliza mabishano. Tulikubaliana mambo matatu. La kwanza, watoto wana akaunti yao ya kawaida. La pili, kurasa tatu zinabaki zimefichwa, kwa sababu sheria niliyoiandika inashika mashini nzima, na hata mimi inanizuia nisibonyeze kwa uchovu saa sita za usiku. La tatu, karatasi. Imebandikwa ukutani, kando ya meza, kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Imeandikwa: katika mashini hii kuna kurasa tatu zimefichwa, hizi hapa majina yake, sababu yake ni hii, na ukihitaji mmojawapo, fanya hivi. Hatua za kurudisha zimeandikwa zote. Neno la siri la msimamizi halimo katika karatasi, lakini linajulikana na watu watatu, na mmoja wao ni binti yule.

Watu waliniambia kwamba karatasi inaharibu maana ya kuficha. Sivyo nilivyoona. Watoto wa miaka minane hawasomi ukuta wakati wana roho tano za kuchezea, na mtu mzima mwenye haja ya kweli anasoma. Mvulana mmoja wa miaka kumi na tatu aliisoma yote, akafuata hatua, akafika kwenye rejista, mashini ikamkatalia. Akaja kuniuliza rejista ni kitu gani. Sasa ananisaidia mchana siku asizokwenda shule, na amenizidi kwa haraka ya kuandika.

Ndugu zangu mlioko Kigeme, Kiziba, Nyabiheke, Mugombwa na Mahama, mkiwa na mashini ya pamoja, msiogope kuficha yale yanayowasumbua. Ni haki ya mwenye mashini kupunguza kelele. Lakini andikeni karatasi. Na mkikuta mashini ambayo kitu hakionekani, msiseme "haina". Ulizeni: haina, au imefichwa? Kama ni Mipangilio ya Windows, fungueni ile thamani niliyoitaja, mtasoma wenyewe kilichoandikwa pale.

Na ninyi mnaofanya kazi katika mashirika, mnaotusoma humu, najua fomu ndefu inachosha na kwamba orodha fupi inaokoa saa nyingi mbele ya foleni ya watu. Sikatai. Ninaomba kitu kimoja kidogo. Pale mnapokata orodha, kijana mwenye tableti aambiwe kwamba imekatwa, na mwisho wa orodha pawe na mstari wa kuandika neno ambalo halimo. Papa Mwalimu alikaa miaka mingi akiwa mkulima wa kwenye karatasi. Tumeshamwandikia barua ya kuomba kusahihishiwa, kwa Kifaransa kizuri, bila mistari myekundu. Tulitoa lugha katika maficho kwa nusu saa, tukaandika, tukairudisha. Bado anasubiri jibu.