Daftari la Mgonjwa

Maradhi yana njia mbili za kumtesa mtu. Njia ya kwanza ni maumivu yenyewe. Ya pili ni kutosadikiwa. Ya kwanza hutoka katika mwili wa mgonjwa, na aghalabu hapana wa kulaumiwa. Ya pili hutoka kwetu sisi tulio wazima. Mimi nalimtesa kwa njia hiyo ya pili dada yangu wa tumbo moja, na insha hii ni ungamo kabla ya kuwa elimu.

Dada yangu ni mshonaji mjini Tanga. Kwa miaka mingi cherehani yake ya miguu ilikuwa ya kwanza kusikika asubuhi mtaani kwetu, na ya mwisho kunyamaza usiku. Mwezi wa Februari, mwaka 2021, alishikwa na homa, kikohozi na kubanwa na kifua. Harufu ya karafuu na ya mafuta ya taa zikawa sawa puani mwake, maana zote mbili hazikuwapo. Katika siku hizo nchi yetu haikutangaza hesabu ya wagonjwa wa UVIKO-19. Hesabu zilikuwa zimekoma mwaka 2020 penye wagonjwa 509, wala hazikurudi mpaka katikati ya mwaka 2021. Watu walisema "changamoto ya kupumua", wakajifukiza. Nasi tulimfukiza kwa majani ya mwarobaini na mchaichai. Hakupimwa. Baada ya wiki mbili homa iliondoka, tukamshukuru Mungu, tukadhani msafara umepita.

Kumbe msafara ulikuwa umeacha mzigo. Mwezi wa Mei alianza kupumzika kati ya jikoni na uani. Moyo ulimwenda mbio kwa kusimama tu. Maneno yalimkimbia: siku moja alinyoosha mkono akaniomba "kile kitu cha kukatia", jina la mkasi limempotea, mtu aliyeshika mkasi kwa miaka thelathini. Nalimpeleka hospitali. Picha ya kifua ilikuwa safi, damu haikuwa na kasoro, malaria haikuonekana. Tabibu alikunja karatasi akasema, "Mama, huna ugonjwa." Nami, mwalimu niliyezoea kuheshimu kila kilichoandikwa, nalisadiki karatasi nikamkana dada.

Nalimwambia kuwa mwili uliolala huamshwa kwa kutembezwa. Kila alfajiri nalimpitisha njia ya pwani ya Raskazone. Siku ya kwanza alitembea vizuri, nikajisifu. Siku ya pili alitembea ili kunifurahisha. Siku ya tatu hakuweza kuinuka, akakaa kitandani siku 40, dirisha limefungwa kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Majirani waliokuja kumtazama waliondoka na hukumu mbalimbali: wengine walisema ni mvivu, wengine walisema amerogwa. Hapana aliyesema kwamba ni mgonjwa.

"Mdogo wangu," aliniambia jioni moja kwa sauti ndogo, "mimi si mvivu. Soma daftari langu."

Lilikuwa daftari la vipimo vya wateja. Katika kurasa tupu za nyuma alikuwa ameandika mambo mawili kila siku: kazi aliyoifanya, na hali yake kesho yake na keshokutwa. Amefua nguo za watoto: siku mbili kitandani. Ameshona gauni kwa saa tatu: siku tatu. Amepokea wageni wa arusi na kuzungumza sana: siku nne. Kwa kurasa kumi na moja alionyesha kwamba adhabu ya kazi haikumjia siku ileile. Ilimjia baadaye, tena ilizidi kazi yenyewe. Mtu aliyeishia darasa la saba alikuwa amefanya uchunguzi ambao mimi, mwenye shahada, sikujaribu kuufanya.

Ndipo nalipoanza kusoma, nikaona kwamba dada hakuwa peke yake. Jina lenyewe la maradhi hayo, UVIKO wa muda mrefu, halikuzaliwa katika maabara. Lilitungwa mwezi wa Mei 2020 na Elisa Perego, Mwitalia, mtaalamu wa akiolojia, ambaye alikuwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2021 kundi la wagonjwa waliogeuka watafiti, Hannah Davis akiwa miongoni mwao, lilichapisha majibu ya watu 3,762 kutoka nchi 56. Walihesabu dalili 203, na wengi walieleza jambo lilelile lililokuwa katika daftari la vipimo: kazi ya mwili au ya akili huwarudisha kitandani. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya maradhi haya: huonekana kwa kawaida miezi 3 tangu UVIKO-19 kuanza, dalili hudumu si chini ya miezi 2, wala hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Maelezo hayo yanamkubali hata mtu ambaye yamkini aliambukizwa, si yule aliyepimwa tu. Dada yangu asiye na cheti alikuwamo ndani ya neno hilo moja, yamkini.

Mwezi wa Januari 2024 watafiti wa Amsterdam walieleza walivyowapandisha wagonjwa 25 juu ya baiskeli ya kupimia nguvu, wakachukua vipande vidogo vya misuli yao kabla na baada ya zoezi. Madhara katika misuli yalizidi baada ya zoezi. Kile nilichokiita uvivu kilionekana kwa hadubini, na ile dawa yangu ya pwani ilikuwa sumu.

Tena sisi tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ngeni ilienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wenyeji waliiita chikungunya, kwa namna ilivyomkunja mtu, na jina hilo la Kimakonde ndilo linaloandikwa leo katika vitabu vya utabibu duniani kote. Homa yake hupita kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kubaki miezi, hata miaka. Walioumwa walitangulia kunena. Elimu ikafuata nyuma yao na kalamu.

Kumtunza mgonjwa wa namna hii ni kazi ngumu. Aliyevunjika mguu hufungwa bandeji, na bandeji humsemea. Huyu hana kitu cha kumsemea. Siku aliyo na nguvu ndiyo siku watu wamwonayo. Siku ya kuanguka yumo chumbani. Asiposhona hali, na fundi wa mtaani hana mwajiri wa kumpa likizo. Yule tabibu simlaumu sana: alipima alichofundishwa kupima, na watu wengi walimngoja mlangoni. Marekani ilitenga dola bilioni 1.15 kwa utafiti wa maradhi haya. Wengine huchunguza mabaki ya virusi mwilini, wengine kinga iliyopotea njia, na huko Stellenbosch, Afrika Kusini, Etheresia Pretorius na wenzake huchunguza vidonge vidogo vya damu iliyoganda. Hata hivyo, dawa ya kuyaponya bado haijathibitika. Kwa hiyo utunzaji wetu ni kugawa nguvu kama watu wagawavyo maji ya kisima wakati wa kiangazi: kwa kipimo, kabla hayajakwisha. Dada hupika ameketi. Hushona nusu saa, hulala saa moja. Daftari ndilo tabibu wetu wa kila siku.

Nalimwomba radhi. Alinitazama kitambo, akasema, "Radhi nimekupa, mdogo wangu. Sasa niingizie ile ndoo ya maji iliyo uani. Hiyo ndiyo radhi nitakayoiona kwa macho."

Kanzu yangu ya Idi iliyopita aliishona kwa miezi minne. Zamani ilikuwa kazi ya siku mbili. Kwenye pindo la mkono wa kushoto mshono umepinda kidogo, pale alipochoka akaendelea, nami nalimkataza fundi mwingine asiunyoshe. Huutazama kila nisimamapo mbele ya wanafunzi wangu, na huwaambia kwamba karatasi inaposema hapana ugonjwa, na mtu akasema naumwa, mwenye elimu humwendea mtu kwanza, akamwuliza, akaandika anayojibiwa.